Prius kwenye meza ya fundi: gia iliyobaki na yote yaliyobadilika

Nimeshafumua giaboksi za Toyota Prius za vizazi vinne vya mwanzo, na hukumu yangu naiweka hapa juu kabisa ili asiye na muda asihangaike. Hili ndilo gari lililotengenezwa kwa akili kuliko yote niliyowahi kuyafungua, na sifa hiyo siipi betri wala mota ya umeme. Naipa namna waliolitengeneza walivyojua wakati wa kuruka na wakati wa kupiga msasa. Viwanda vingi hujua kimoja tu. Kuna vinavyopiga msasa kitu kile kile miaka nenda miaka rudi mpaka soko linavihama. Na kuna vinavyoleta kitu kipya kabisa, kinapigiwa makofi, kisha kinaachwa na kasoro zile zile kilizozaliwa nazo. Prius ilipata yote mawili, na ukiwa na spana na taa nzuri unayaona kwa macho yako.

Niseme na ninakotokea kikazi. Kabla ya kuwa na karakana nilikuwa kiwandani, kwenye mashine za kukandamiza bati, zamu ya mchana na zamu ya usiku. Ndiyo maana nikiangalia gari naangalia lilivyotengenezwa kabla ya kuangalia linavyokwenda: nani alirahisishiwa kazi pale, kipande gani kiliondolewa, na kwa nini bolti hii imewekwa mahali ambapo mkono unafika bila kujikunja. Anayetaka tathmini ya viti na redio atazipata nyingi kwingine.

Nianze na ule mruko wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuthamini yaliyofuata.

Ukifungua giaboksi ya Prius hukuti gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hukuti klachi. Unakuta seti moja ya gia za sayari: gia ndogo katikati iitwayo jua, gia ya pete inayoizunguka kwa nje, na gia za sayari baina yao, zimeshikiliwa na kibebeo kimoja. Injini ya petroli imefungwa kwenye kibebeo. Jenereta imefungwa kwenye jua. Pete inashirikiana na mota kubwa na, kupitia gia nyingine, na magurudumu. Hapo pameisha. Hakuna gia inayoingia wala inayotoka. Meno yote yameshikana muda wote, na kinachobadilika ni kasi ya kila kimoja. Kompyuta ikiiambia jenereta iongeze au ipunguze mzunguko, uwiano kati ya injini na magurudumu unabadilika bila jino hata moja kuachana na mwenzake.

Sasa hesabu meno. Jua lina meno 30, pete ina 78. Kwa hesabu hiyo peke yake nguvu ya msokoto wa injini inagawanyika: kama asilimia 72 inakwenda kwenye pete, yaani upande wa magurudumu, na asilimia 28 inakwenda kwenye jenereta. Mgawanyo huo haubadilishwi na programu wala na dereva, umechongwa ndani ya chuma. Mara ya kwanza nilipoipata seti hiyo ikiwa imefutwa oili, nilikaa nayo mezani nikiizungusha kwa vidole. Unabana pete, unazungusha kibebeo, jua linakimbia. Unabana jua, pete inakwenda. Kitu kidogo namna ile, pamoja na mota zake mbili, kimeondoa klachi, kimeondoa gia za kubadilisha, kimeondoa stata na kimeondoa altaneta.

Gia za sayari si uvumbuzi wa juzi. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa nazo. Jambo jipya lilikuwa kuzikutanisha injini na mota mbili kwenye seti moja kisha kuliuza gari hilo kwa watu wa kawaida, wanaolitumia kila siku na wasiotaka kujua kilichomo ndani.

Walifikaje hapo? Kisa hiki huwa nawasimulia vijana wangu wa karakana, na kwangu kina thamani kuliko maelezo yote ya betri. Mwaka 1993 Toyota ilianzisha mradi ulioitwa G21, wa kutafuta gari la karne ya 21. Aliyekabidhiwa uhandisi ni Takeshi Uchiyamada, mtaalamu wa kupunguza kelele na mitetemo, ambaye hakuwahi kuongoza utengenezaji wa gari zima. Lengo la mwanzo lilikuwa gari litembee umbali mkubwa zaidi kwa asilimia 50 kwa mafuta yale yale. Timu ikapata njia: injini ya petroli iliyoboreshwa na giaboksi iliyoboreshwa. Kwa maneno mengine, kila walichokijua tayari, kikiongezewa msasa. Mkubwa wao, Akihiro Wada, akakataa. Akataka asilimia 100.

Hebu tulia hapo kidogo. Wada hakuwahutubia juu ya ubunifu. Aliwapa namba ambayo msasa hauifikii. Asilimia 50 ingeweza kupatikana kwa kupunguza msuguano hapa, uzito pale, na uvujaji wa joto kule, kila mtu akibaki kwenye meza yake na kazi yake ya jana. Asilimia 100 haikuwa na njia hiyo, na kila aliyekuwa mle chumbani alilijua hilo mara tu alipoisikia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hakuna haba inayogeuza kibaba kuwa pipa. Ukitaka watu waache kujaza kibaba, lazima uwape kipimo ambacho kibaba hakitoshi.

Wakaenda kutafuta. Walipitia mifumo ya haibridi, yaani ya kuunganisha injini ya petroli na mota ya umeme, ipatayo 80, wakaichuja mpaka wakabaki na michache ya kupima kwa kompyuta, wakachagua huu wa gia za sayari. Mwezi wa Novemba 1995 gari la majaribio lilikuwa tayari, na halikusogea. Siku 49 halikusogea hata kidogo. Liliposogea lilikwenda kama mita 500 likasimama. Na bado, Desemba 1997, miaka miwili tu baadaye, gari lilikuwa linauzwa Japani.

Miaka miwili kutoka mita 500 mpaka dukani! Hapo ndipo watu wengi husema “wabunifu hao” na kufunga mjadala. Mimi kama mtu wa kiwandani naona kitu kingine. Mruko ule ulibebwa na tabia za kila siku ambazo kampuni ilikuwa imezijenga kwa miongo mingi. Uchiyamada alikusanya watu wa mradi kwenye chumba kimoja kikubwa, michoro na ratiba zikiwa ukutani, ili mwenye tatizo la inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota, na mwenye tatizo la nafasi ya kuifunga waonane uso kwa uso badala ya kuandikiana barua. Chumba cha namna hiyo, obeya, leo kinaigwa na viwanda duniani kote. Transista za kuendesha mota waliamua kuzitengeneza wenyewe, ili hitilafu ikionekana wakaishike kwenye mashine iliyoizaa. Na gari lilipofika kwenye mstari wa kuunganishia lilikuta wafanyakazi waliozoea kusimamisha mstari wanapoona kasoro. Peleka teknolojia ngeni kabisa kwenye kiwanda ambacho mfanyakazi anaogopa kusema “hapa pana shida”, kisha uone.

Nilikwisha kuona. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi, na sitapataja, uongozi ulileta presi mpya, kubwa, ya kisasa, yenye skrini. Ilizinduliwa kwa shangwe. Lakini kubadilisha kalibu, lile umbo la chuma linalolipa bati sura yake, kuliendelea kula muda mwingi wa zamu kama kwenye mashine za zamani, kwa sababu bolti zilikuwa za urefu tofauti tofauti, kalibu lilitafutwa baada ya mashine kusimama, na aliyekuwa na ufunguo wa stoo alikuwa na kazi nyingine. Sisi tuliokuwa pale tulijua yote haya. Hakuna aliyetuuliza. Mashine mpya ilirithi uzembe wa zamani, na mpaka naondoka hakuna aliyeugusa.

Linganisha na kisa cha mwaka 1969, ambacho kila mtu wa presi anapaswa kukijua. Toyota walikuwa na presi ya tani 1,000, kubadilisha kalibu lake kulichukua saa 4. Mhandisi Shigeo Shingo alifanya kazi na watu wa pale, wakatenganisha shughuli zinazolazimu mashine isimame na zile zinazoweza kufanywa ikiwa bado inafanya kazi. Wakashuka mpaka dakika 90. Kazi nzuri sana, msasa wa hali ya juu. Ndipo uongozi ukaagiza: dakika 3. Kwa agizo hilo Shingo akaona kwamba haitoshi kuzipanga vizuri shughuli za mashine iliyosimama. Lazima shughuli hizo zihamishwe, zigeuzwe kuwa za nje: kalibu liandaliwe kabla, urefu wa makalibu usawazishwe ili yasihitaji kupimwa, vifungio viwe vya kugusa mara moja. Dakika 3 zikapatikana. Ni mbinu ile ile aliyoitumia Wada robo karne baadaye. Kampuni nzuri ina namba za aina mbili, na inajua ya leo ni ipi: namba ndogo ya kumfanya mtu aboreshe kazi yake, na namba kubwa isiyo na huruma ya kumfanya aiache hiyo kazi na kuifikiria upya.

Turudi mezani, maana hii ni tathmini ya gari na sijawaonesha bado uzuri wake. Seti ile ya gia, 30 kwa 78, ilikuwemo kizazi cha kwanza. Ikawemo cha pili. Ikawemo cha tatu. Wakati huo huo karibu kila kitu kilichoizunguka kilibadilishwa, kipande kwa kipande.

Chukua betri. Gari la 1997 lilikuwa na seli 240 za mviringo, za ukubwa wa betri ya tochi kubwa, jumla volti 288. Mwaka 2000, gari lilipoanza kuuzwa nje ya Japani, seli za mviringo ziliondoka zikaja moduli bapa zinazopangwa kama vitabu kwenye rafu, 38, volti 273.6. Kizazi cha pili, 2003, moduli 28, volti 201.6. Betri inapungua, gari linaongezeka nguvu! Jibu liko kwenye inveta: waliongeza saketi inayopandisha volti 201.6 mpaka 500 kabla ya kuipa mota. Volti ikipanda, mkondo wa umeme unaohitajika kwa nguvu ile ile unapungua, na joto linalopotea kwenye nyaya linapungua. Mota ya kizazi hicho ilitoa kilowati 50, wakati ya kwanza kabisa ilitoa 30.

Lakini kipande ninachokipenda zaidi hakionekani mpaka upasue moduli. Ndani ya kila moduli mna seli 6 zilizoungana. Kwenye moduli za 2000 seli na seli ziliunganishwa mahali pamoja. Kwenye za 2003 ziliunganishwa mahali pawili. Hilo tu. Umeme ukapata njia mbili badala ya moja, ukinzani wa ndani ukashuka, betri ikawa inapokea na kutoa umeme kwa wepesi zaidi. Hakuna mnunuzi aliyetangaziwa kwamba seli sasa zimeshikwa mara mbili. Kuna mtu aliyekuwa na kazi ya kuangalia joto la zile seli, akauliza swali dogo, akasikilizwa. Nikikuta kitu kama hicho moyo wangu huwa unafurahi kwa niaba yake.

Cheni nayo. Kwenye vizazi viwili vya kwanza nguvu ilitoka kwenye pete kwenda kwenye gia za mwisho kwa cheni. Cheni inafanya kazi, haikuwa na kosa. Kizazi cha tatu, 2009, cheni haipo, ni gia tupu. Pembeni mwa seti ya zamani wakaongeza seti ya pili ya gia za sayari ya kupunguza kasi ya mota kubwa, ili mota iwe ndogo lakini izunguke haraka zaidi, mpaka mizunguko 13,500 kwa dakika. Kizazi cha nne, mwishoni mwa 2015, ile seti ya pili nayo ikatolewa. Mota mbili zikaacha kukaa kwenye mhimili mmoja, kila moja ikapata wake sambamba na mwenzake, giaboksi ikafupika kwa milimita 47 na hasara za msuguano zikapungua kwa asilimia 20. Mota ikafika mizunguko 17,000. Ukizilaza giaboksi mbili hizo meza moja, ya tatu na ya nne, utafikiri ni za kampuni mbili.

Na angalia nyaya za shaba ndani ya mota kubwa ya kizazi cha nne. Mota za zamani zimesukwa kwa waya wa mviringo, mwingi, unaojaa kwa kubanwabanwa, na baina ya waya na waya lazima pabaki nafasi. Za kizazi cha nne ni vipande bapa vya shaba vilivyokatwa na kukunjwa kama pini za nywele, vikachomekwa kwenye mifereji, kisha ncha zikalehemiwa. Kwa mnunuzi ni gari lile lile. Kwa mtengenezaji wa mota ni kiwanda kingine: mashine ya kusuka waya inatoka, zinaingia mashine za kukunja, kuchomeka na kulehemu. Kwa hiyo usidhani mruko hutokea mara moja ukifuatwa na msasa mpaka mwisho. Ndani ya msasa mna miruko midogo, ila kila mmoja umefungiwa ndani ya kipande kimoja, ukishindwa hauangushi gari zima.

Kuna na walichokitoa. Kizazi cha pili cha Marekani kilikuwa na thamosi ya kuhifadhi maji ya moto ya injini, karibu lita 3, ili ukiwasha asubuhi yapitishwe kwenye injini na kupunguza moshi mchafu wa kuwasha. Wazo la kupendeza, pamoja na pampu yake na valvu zake. Kizazi cha tatu thamosi ikaondolewa, badala yake joto likachukuliwa kwenye bomba la moshi. Hiyo nayo ni kaizen, yaani uboreshaji wa hatua kwa hatua, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote: kuachana na kitu chako cha ujanja kwa sababu umepata njia yenye vipande vichache. Kizazi hicho hicho kikaondoa mkanda wa injini kabisa. Pampu ya maji ni ya umeme, kompresa ya kiyoyozi ni ya umeme, hakuna mkanda wa kukatika.

Yote hayo yalizaa nini barabarani? Kwa kipimo cha serikali ya Japani cha wakati ule, gari la 1997 lilitembea kilomita 28 kwa lita. Kizazi cha pili 35.5. Cha tatu, kwa kipimo hicho hicho, 38, ingawa injini ilikua kutoka lita 1.5 mpaka 1.8. Watu hushangaa injini kubwa inawezaje kubania mafuta. Inaweza kwa sababu kwenye mwendo mkubwa inazunguka taratibu zaidi kuliko ndogo inayohangaika. Injini hiyo hugeuza mpaka asilimia 38.5 ya nishati ya petroli kuwa kazi, na ya kizazi cha nne ikafika 40. Asilimia moja na nusu inaonekana haba. Waulize wanaotengeneza injini imewagharimu nini.

Kuna sura ya kiwandani ambayo naitaja haraka. Kizazi cha pili kiliunganishwa kwenye kiwanda cha Tsutsumi, mstari mmoja na magari ya kawaida kama Camry. Haibridi inapita, sedani inapita, haibridi tena. Hakujengwa hekalu la pekee la gari la ajabu. Kitu cha kimapinduzi kilipofanywa kifuate mwendo wa mstari ule ule, kikaanza kupata maboresho yale yale yanayopatikana kwa magari yote. Nadhani hapo ndipo haibridi ilipoacha kuwa maonesho. Milioni ya kwanza ya Prius ilitimia 2008, na kufikia Januari 2017 Toyota ilikuwa imeuza haibridi za kila aina milioni 10.

Sasa lawama, maana zipo.

Volti kwenye kizazi cha tatu zilipandishwa tena, kutoka 500 mpaka 650. Februari 2014 Toyota iliyaita karakanani magari ya kizazi hicho yapatayo milioni 1.9 duniani kote, kwa sababu mipangilio ya programu iliweza kuzipa baadhi ya transista za inveta joto la kupita kiasi, na gari lingeweza kupunguza nguvu au kusimama. Marekebisho yalikuwa ya programu. Kwa maoni yangu hili ni onyo zuri kwa wapenda hatua ndogo ndogo. Hatua inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi, namba moja tu imeongezeka, kumbe kwa kipande fulani ndani ni mruko, na ulistahili kupimwa kama mruko.

Lawama ya pili ni ya mwendo. Kwenye mlima mrefu injini inapanda sauti na kubaki pale pale ikiunguruma wakati kasi haiongezeki kwa kiwango unachosikia. Ndiyo tabia ya mfumo huu, na kila kizazi kimeipunguza bila kuimaliza. Ya tatu ni kioo cha nyuma chenye mhimili katikati yake. Hewa inapita vizuri juu ya gari, nakubali, lakini mimi nataka kuona pikipiki iliyo nyuma yangu.

Na lawama kubwa zaidi haihusu kipande chochote. Kampuni iliyojua kuruka mwaka 1997 ilipata raha sana ya kupiga msasa. Betri za nikeli zilikuwa bado zinafungwa kwenye baadhi ya matoleo ya kizazi cha nne, wakati wengine walishahamia lithiamu na magari ya umeme mtupu. Mafanikio ya msasa yanaweza kumfanya mtu asahau kwamba msasa una mwisho. Niliwaza hivyo kwa miaka.

Ndiyo maana habari za 2023 zilinifurahisha. Mwaka huo Toyota ilionesha mtambo wa kumimina sehemu ya nyuma ya gari la umeme kwa alumini, kipande kimoja kizima, badala ya vipande 86 vya bati vilivyopitia hatua 33. Njia hiyo ya kumimina vipande vikubwa ilivumishwa na Tesla, na Tesla inatumia kiwanda cha Fremont ambacho kabla yake Toyota na General Motors walikiendesha pamoja kuanzia 1984. Kwa hiyo mruko huu si wao wa kwanza, na hawakuona haya kuufuata. Ila tazama walichoongeza. Kubadilisha kalibu la mtambo wa namna hiyo kwa kawaida huchukua kama saa 24, kwa kreni. Wao wamelitenga kalibu kuwa sehemu ya kudumu na sehemu ya kubadilisha, na wanasema muda umeshuka mpaka dakika 20. Nilipoisoma namba hiyo nikaitambua mara moja: ni presi ya 1969, na wajukuu wa kikazi wa watu wale wale. Mruko wa mwingine, msasa wa nyumbani. Kwa mtu aliyepoteza nusu zamu akisubiri ufunguo wa stoo, hiyo ni habari ya kutia machozi.

Nani anunue Prius, na ipi? Kizazi cha kwanza ni cha wakusanyaji na walimu wa vyuo vya ufundi, kiwekwe mahali wanafunzi wakifungue. Cha pili bado nakipenda kwa uimara wake, mradi uwe na fundi anayejua kupima moduli moja moja na asiyechanganya mpya na zilizochoka. Cha tatu kinunue ikiwa tu una uthibitisho kwamba lile rekebisho la inveta lilifanywa, omba karatasi. Cha nne ndicho ninachowashauri wengi: giaboksi ya mihimili sambamba, mwili mgumu zaidi, injini ya asilimia 40, na mwendo uliotulia barabarani. Kizazi cha tano, chenye injini ya lita 2.0 katika soko nyingi, sijakifungua na sitakisemea.

Chochote utakachochukua kati ya cha pili na cha tatu, kabla ya kulipa fungua mlango wa nyuma na uangalie tundu la hewa pembeni mwa kiti. Hiyo ndiyo hewa inayopoza betri. Ukikuta limezibwa na mizigo, vumbi na nywele za mbwa, mwenye gari hakujua ana kitu gani, na betri imekuwa ikipikwa. Punguza bei au ondoka.